Mkono Mmoja Mfukoni

Kabla ya kufungua mfuniko, baba alisema,
tia mkono wa kushoto mfukoni.
Volti elfu thelathini hazina haraka:
unazima umeme asubuhi,
zinakungoja humo ndani hadi magharibi,
na zikikupata mikono yote miwili
njia yao ya mkato ni moyo.
Basi nasimama kama mtu anayetafuta chenji,
na kwa mkono wa kulia
nagusisha bisibisi yenye waya kwenye shingo ya bomba.
Ta!
Cheche moja, nyembamba.
Sasa tunaweza kuongea.

Wanaume wanne waliipandisha ngazi za Kadutu
mimi nikiwa bado na meno ya maziwa,
wa tano akitangulia kufukuza mbuzi.
Ina macho matatu kwenye mstari mmoja,
jekundu, la kijani, la buluu,
na kila moja lina ukuta wake kichwani.
Chance wa kule Nguba anauza televisheni bapa,
nyepesi, unaibeba kwapani kama kuku.
Anapita kila mwezi kutusalimia.
Anaangalia macho yale matatu, anaguna, anaondoka.

Mji unaitwa Bukavu, ila ukavu wenyewe sijauona.
Mvua ya Novemba imeotesha kuvu kwenye jicho la buluu,
wala si juu ya kioo, ambapo kitambaa kingetosha,
bali ndani, kwenye maji yanayopoza bomba:
nyuzi nyeupe, ndevu za mahindi machanga.
Niliyanyonya kwa sindano ya dispensari,
mililita kumi, na kumi, na kumi tena,
nikayatia kwenye kopo la maziwa ya unga.
Yalinukia utamu. Nilimfukuza paka,
kisha nikachimba shimo nyuma ya choo, nikayazika.

Kapasita iliyovimba kama andazi, nimebadilisha.
Feni nimeipiga mswaki, akatoka mende mkavu
na uzi wa sweta ambayo hakuna anayeikumbuka.
Umeme ukipanda na kushuka
picha inapumua, inanenepa, inakonda;
hilo nalo nimelifungia kirekebishaji, cha mtumba, kinanguruma.

Jicho la kijani ndilo sina dawa yake.
Kona ya juu, kushoto, hata ukutani pakiwa peupe,
husomeka: mbili kwa moja, dakika ya sitini na saba.
Usiku ule dekoda iliganda, risasi zikaanza upande wa mto,
watu wakatoka hata kwa dirisha,
hakuna aliyekumbuka kuzima.
Jenereta ilikunywa mafuta yake hadi alfajiri
ikiumulikia ukumbi mtupu goli lile lile,
mpaka namba zikaungua ndani ya kioo.
Ntakwinja, aliyekuwa akituuzia karanga,
aliacha sinia lake chini ya benchi la tatu.
Tumelitundika mlangoni.
Nikisimulia habari hii pia
mkono wa kushoto huwa mfukoni.

Jana, saa tatu usiku, umeme ukiwa umetulia,
tulipanga rangi na binti yangu Nabintu.
Misalaba mitatu ukutani, kila mmoja umelewa kivyake.
Yeye kwenye vitufe, mimi puani mwa ukuta,
baba kitini, jicho lake moja lina ukungu, jingine kali.
Jekundu, juu kidogo. Zaidi. Umepita, rudi.
Ukingoni uligoma, kama shuka lililofuliwa vibaya,
tukaunyoosha nukta kwa nukta hadi chai ikapoa.
Rangi tatu zikalaliana, pakatokea nyeupe,
nyeupe safi, ya chumvi.
Na juu yake, kushoto, ile mbili kwa moja.

«Nani alishinda?» akauliza Nabintu.

Ningeweza kujua. Yeyote pale sokoni angenijibu.
Nilimtazama baba.
Alikuwa ameinama mbele, kidole hewani,
akiangalia kona ya chini ya kulia.
«Buluu,» alisema, «inavuka mstari.
Irudishe. Unywele mmoja tu.»